Mtandao ni Mzima, Mama Salome Anakataliwa

Tangu nikabidhi funguo za chumba cha seva, vijana walionirithi wananipigia simu kuuliza waya gani unakwenda wapi. Hilo nimeshawachorea, mchoro uko nyuma ya mlango, wafungue mlango wautazame. Kuna jambo lingine ambalo halichoreki, na mimi nililijua kwa kuchelewa na kwa aibu. Hilo ndilo nimekaa kuliandika. Vyeo nilivyopitia havitamsaidia mtu, kwa hiyo nitaviruka.

Nilianza kazi ya ufundi wa mtandao katika hospitali moja hapa Dodoma ambayo sitaitaja jina, maana waliobaki bado wanakula ugali wao pale. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ngazi, koleo la kubania vichwa vya waya, na mtu wa kunifundisha, Mzee Simoni. Alikuwa fundi wa simu wa miaka mingi, akahamishiwa kwenye kompyuta bila mtu kumuuliza kama anazitaka. Nilimkuta anapulizia vumbi swichi ya mtandao kwa pampu ya baiskeli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka, akaendelea kupampu.

"Unajua adui wa kwanza wa mtandao hapa kwetu ni nani?" akaniuliza.

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi, nikataja virusi.

"Mwezi wa nane," akasema. "Upepo wa mwezi wa nane. Shika pampu."

Chuoni tulikuwa tumekaririshwa kwamba mtandao una tabaka saba, moja juu ya lingine kama ghorofa. Chini kabisa ni waya na umeme wake. Juu kabisa ni tabaka la programu, ambako barua pepe, kurasa na mifumo ya ofisini huongea na wenzao wa upande wa pili. Nilikariri zote saba, nikafaulu mtihani, na sikuelewa hata moja. Nilimuuliza mwalimu hizo ghorofa zimejengwa wapi ikiwa mimi naona waya mmoja tu, darasa zima likacheka, mwalimu akaniambia nisome. Nilisoma. Nikachanganyikiwa zaidi.

Mzee Simoni alinieleza kwa namna yake. Siku hiyo barua pepe za hospitali zilikuwa zinagoma kwenda, nami nilikuwa nimeshapanda ngazi mara nne kukagua waya. Akaniita nishuke. Akanionyesha kwenye skrini mazungumzo ya mashine yetu na mashine ya mbali. Mashine yetu ilitakiwa kwanza isalimie na ijitaje jina, kisha iseme barua inatoka kwa nani, kisha inakwenda kwa nani, ndipo itoe barua yenyewe. Yetu ilikuwa inajitaja kwa jina ambalo yule wa mbali halijui, basi anaifungia mlango.

"Ukienda kwa watu, kwanza unapiga hodi," Mzee Simoni akasema. "Unaamkia. Mbukwenyi, kama Wagogo. Unaulizwa habari za nyumbani, za mifugo, unajibu. Ndiyo unasema shida yako. Sasa wewe fika mlangoni kwa mtu uanze, nimekuja kuchukua ng'ombe wangu. Utapewa?"

"Sitapewa."

"Barabara ilikuwa mbovu?"

"Hapana."

"Basi shuka kwenye ngazi."

Ningeandika kwamba siku ile nilielewa, lakini ningekuwa nadanganya. Nilielewa habari ya ng'ombe. Mtandao niliendelea kuushika kwa mikono: waya, soketi, swichi, kisha amri ile ya kutuma salamu fupi kwenye mashine ya pili na kungoja ijibu. Ikijibu, nilikuwa naandika kwenye daftari la matatizo: Mtandao ni mzima. Naweka sahihi, naondoka. Kama programu bado haifanyi kazi, hayo ni ya mwenye programu, na mwenye programu kwa kawaida alikuwa Dar es Salaam na simu yake haipokelewi. Mzee Simoni alistaafu akarudi nyumbani kwake Makole, mimi nikabaki na daftari. Kurasa na kurasa zimejaa sentensi hiyo moja. Nilijiona fundi kwelikweli.

Sasa nifike kwa Mama Salome.

Alikuwa karani wa mapokezi, dirisha la kwanza. Mgogo wa Mvumi, mkubwa kwangu kwa miaka michache, mpole mpaka umkosee. Kila mgonjwa aliyefika alimwandika kwenye daftari kubwa lenye mistari: jina, jina la baba, kitongoji, na saa aliyofika. Ndani, wauguzi walifuata saa hiyo kujua nani aitwe kwanza. Miaka yote nikipita pale saa nne alinimiminia chai kwenye kikombe cha bati na kunisukumia karanga, na akiwa na habari za nyumbani alinipa. Mumewe alikuwa amepigwa na kiharusi, amelala upande mmoja. Walikaa Mkonze. Kila mchana Mama Salome alikuwa anakimbia nyumbani kumlisha na kumgeuza, kisha anarudi dirishani akihema. Kwa sababu ya kugeuzwa huko yule mzee hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni, na Mama Salome alilitaja hilo kama mwingine anavyotaja kwamba mwanawe ni rubani.

Hospitali ikaletewa mfumo mpya wa kusajili wagonjwa. Ule wa zamani ulikaa kwenye kompyuta moja humo humo jengoni. Huu mpya ulikaa mbali, na kila mtu alipewa jina na neno lake la siri. Kwenye kikao cha kuutambulisha, Mama Salome alinyanyua mkono akasema daftari lake halijawahi kuzimika hata siku moja. Watu wakacheka. Mganga mfawidhi wetu, ndiye mkuu wa hospitali, hakucheka.

Jumatatu mfumo ukaanza. Dirisha la pili, unafunguka. Maabara, unafunguka. Duka la dawa, unafunguka. Dirisha la kwanza: Jina au neno la siri si sahihi.

Nikaitwa. Nikakagua waya, mzima. Nikatuma salamu kwa seva, ikajibu bila kusita. Ukurasa wa kuingilia ulifunguka vizuri kabisa, na rangi zake. Nikachomoa waya wa Mama Salome nikauchomeka kwenye kompyuta yangu ya mkononi, nikajaribu kuingia kwa jina langu, nikaingia. Nikawapigia wenye mfumo wambadilishie neno la siri, wakambadilishia. Likakataliwa. La pili, likakataliwa. La tatu tuliliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikamsimamia begani akilichapa kwa vidole viwili, herufi moja moja, huku midomo ikitaja kila herufi. Likakataliwa nalo. Kumjaribisha kwenye kompyuta ya dirisha la pili hakukunijia kichwani.

"Fundi, labda hainitaki," akasema.

"Mashine haina kutaka wala kutotaka, mama. Unabonyeza vibaya mahali."

"Mahali gani?"

Sikujua mahali gani. Nilisema tu.

Siku zikaenda. Foleni ya dirisha la kwanza ilifika getini, kwa sababu Mama Salome alikuwa anaandika daftarini, ananakili kwenye karatasi, kisha karatasi zinapelekwa dirisha la pili zikachapwe. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anafanya makusudi, kwamba si alisema kikaoni haupendi huu mfumo? Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma. Kila nilichopima kilikuwa kizima, na matokeo yake yalikuwa mabovu. Nilifika mahali nikawa napima waya uleule mara mbili kwa siku kwa sababu ndicho kitu pekee kilichonijibu.

Alhamisi ya wiki ya pili mganga mfawidhi akaniita ofisini.

"Nataka kwa maandishi," akasema. "Tatizo ni mtandao au si mtandao?"

Nikaandika mistari miwili. Mtandao ni mzima. Tatizo ni mtumiaji. Nikaweka sahihi, nikaenda kula.

Ijumaa nilipopita dirisha la kwanza hakukuwa na chai. Mama Salome alikuwa anaandika daftarini, akanena bila kuinua macho.

"Jumatatu saa nne naitwa kupewa barua. Napelekwa zahanati ya huko Chemba, isiyo na kompyuta. Wanasema huko nitaweza."

"Chemba?"

"Chemba. Wewe uliyesoma niambie, Fundi, kutoka Chemba nitamgeuza vipi mtu aliyelala Mkonze?"

Nilisimama pale na koleo langu mkononi. Nilitaka kumwambia kwamba mimi niliandika habari za mtandao tu, sikuandika habari za Chemba. Nikaona hata mimi mwenyewe siamini, nikaondoka.

Jumamosi asubuhi nikaenda Makole. Mzee Simoni alikuwa kibarazani anachambua mchicha, amezeeka lakini macho yaleyale. Nikamweleza yote, waya mpaka seva, na vipimo vyangu vyote nikavitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Anakataliwa wapi?"

"Kwenye kuingia."

"Njia ipo?"

"Ipo, mzee. Nimeipima mpaka nimechoka."

"Sasa unapimia nini njia ambayo watu wanapita? Yule amefika mlangoni, amebisha hodi, amejitaja, wenyeji wamemwangalia, wamemkataa. Kuna kitu kwenye kujitaja kwake hawakukipenda. Huko juu ndiko kwenye maneno, na wewe miaka yote unakaa chini kwenye waya kama panya."

"Neno la siri ni sahihi, mzee. Nililiona kwa macho."

"Basi kuna kingine mashine yake inasema ambacho wewe hukukiona. Umekaa naye?"

"Nimepima kila—"

"Sikukuuliza umepima. Umekaa naye? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jumatatu nenda mapema, vuta kiti, kaa kando yake. Usishike kitu. Mtazame anavyofanya kazi."

Nikamwambia saa nne anapewa barua. Akanijibu kwamba basi niende saa moja.

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa kwenye kiti kando ya Mama Salome. Hakuniuliza nimefuata nini. Wagonjwa walianza kuja, akaandika. Jina, jina la baba, kitongoji. Kisha akawa anainua macho kwenye kona ya skrini, anasoma saa, anaiandika. Mgonjwa baada ya mgonjwa. Nikatazama vidole vyake, nikatazama waya, nikatazama tena vidole. Sikuona kitu. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita.

Akaja mama mmoja na mtoto mwenye homa. Mama Salome akaandika jina la mtoto, akainua macho, akasoma kwa sauti ndogo kama kawaida yake: "Saa tatu na dakika thelathini na mbili." Akaandika 3:32. Nami, kwa kuhofia saa nne, nikatoa simu mfukoni kuangalia zimebaki dakika ngapi. Simu ikaniambia 9:32.

Saa tatu na thelathini na mbili, nikasema moyoni, sawasawa. Nikairudisha mfukoni. Kisha nikaitoa tena.

Simu inaandika tisa, mimi nasoma tatu. Hivyo ndivyo tulivyo wote, tumezoea, akili inageuza yenyewe bila kutuuliza. Lakini kwenye skrini ya Mama Salome hakukuwa na kitu cha kugeuza. Iliandikwa tatu. Nilikuwa nimeiangalia saa ile wiki mbili, na kila nilipoiangalia ilikuwa sahihi, kwa sababu ilikuwa saa yetu.

Na nilijua nani aliyeiweka. Zaidi ya mwaka mmoja nyuma, mfumo wa zamani ukiwa bado unatumika, Mama Salome aliniita. Saa ya kompyuta ilikuwa inamgombanisha na wodi. Yeye akinakili 9:15 kutoka kwenye skrini, wauguzi ndani wanasoma saa tisa na robo na kuuliza mgonjwa wa alasiri ameingiaje asubuhi. Akaniomba nimwekee saa ya watu. Nikarudisha saa ile nyuma kwa saa sita kamili, nikaizima isijirekebishe yenyewe, nikala karanga zangu nikaondoka. Dakika mbili za kazi. Sikuandika popote. Mfumo wa zamani haukujali saa, na mimi nilisahau kabisa.

Mfumo mpya ulijali. Nilikuja kuelezwa baadaye na wenyewe kwamba kila ombi linalotumwa hubandikwa saa na mashine iliyolituma, na seva ikikuta saa hiyo imepishana na yake kwa zaidi ya dakika chache, inalichukulia ombi kama la mwizi anayerudia maneno aliyoyadokoa jana. Inalikataa. Nikawauliza kwa nini sasa isiseme saa yako si sahihi, iseme neno la siri si sahihi? Wakajibu kwamba ni kwa usalama, mgeni haambiwi sababu ya kukataliwa. Nimelitafakari jibu hilo mpaka leo na bado silielewi vizuri. Labda lina maana.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale dirishani nilisema tu, "Mama, samahani, nipishe kidogo." Nikaisogeza saa mbele. Tatu ikawa tisa. Nikamwambia aingie. Akachapa kwa vidole viwili, midomo ikitaja herufi, akabonyeza, na mfumo ukafunguka wote mbele yake.

"Umeingia," akanong'ona. "Fundi, umeingia! Ilikuwa nini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Sijui. Mambo ya mtandao haya."

Nikatoka mbio kwenda kwa mganga mfawidhi. Barua ilikuwa mezani, imeshagongwa mhuri. Nikamwambia dirisha la kwanza limekubali. Akashusha miwani.

"Kumbe alikuwa anakosea tu neno lake la siri?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kwangu. Ningeitikia ndiyo, barua ingeweza hata kubaki palepale, au Mama Salome angesamehewa, na mimi ningebaki fundi mwenye daftari safi. Sijui kwa nini sikuitikia. Sitajisifu ushujaa. Nilimwambia saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa saa sita, na aliyeirudisha nyuma ni mimi, na wiki mbili zote nilikuwa napima waya.

Kisha akasukuma karatasi mbele yangu.

"Andika. Na safari hii andika nani."

Nikaandika. Akaichukua ile barua ya Chemba akaichana vipande viwili, akavitia kwenye droo, sijui kwa nini si kwenye kapu. Kisha akaniambia mimi ndiye niende kumwambia Mama Salome, na nimwambie yote.

Nilirudi dirishani saa nne na dakika kumi. Alikuwa tayari ameshavaa kitenge chake kizuri cha kwendea ofisini, anangoja kuitwa. Nikamwambia hataitwa. Nikamwambia habari ya saa, ya mwaka uliopita, ya karanga, ya mistari yangu miwili. Nilisema nimekosa. Nilidhani atafurahi kwamba haendi Chemba, au atanigombeza, na yote mawili nilikuwa nimejiandaa nayo.

Aliweka kalamu chini. Kisha akauliza, "Hiyo karatasi ya Alhamisi uliandikaje? Maneno yenyewe."

"Mtandao ni mzima. Tatizo ni mtumiaji."

"Mtumiaji."

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii unapita hapa unaniita mama. Mgonjwa wangu nyumbani unamjua, na upande anaolalia unaujua. Siku ya kuniandika, Fundi, jina langu lilikushinda?"

Neno lile ndilo tunalotumia, nilitaka kumwambia, limo kwenye vitabu, kila fundi huandika hivyo. Nimelitafuta jibu lake tangu siku ile mpaka nimekabidhi funguo na sijalipata, na nyie mlionirithi mkilipata mtaniambia.

Mama Salome hakuningoja. Kulikuwa na mzee amesimama dirishani, ameshika kofia yake, amechoka kusubiri. Akamgeukia, akamwamkia, akamuuliza jina lake, na jina la baba yake, na kitongoji anachotoka.